Siku Mwanangu Aliponyonyeshwa na Mwengine

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kelele. Laiti angekuwa! Mtu wa kelele unajua pa kumshika: anasema, nawe unasema, mnachoka, mnakunywa chai. Yeye akikasirika hunyamaza. Huchukua tasbihi yake, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na nyumba nzima ikajua kuwa leo pana jambo. Wiki tatu alininyamazia hivyo, tangu siku nilipomwambia kuwa nitampeleka mtoto kwenye nyumba ya kulelea watoto, ili nirudi kazini kwenye cherehani yangu.

Ilikuwa miaka sita au saba baada ya Mapinduzi. Tarehe siikumbuki wala sina haja nayo. Nnachokumbuka ni kuwa mwanangu alikuwa na miezi minane, ana meno mawili ya chini, na anatambaa kama aliyetumwa. Mimi nilikuwa fundi katika chumba kimoja cha ushoni Mlandege, wanawake watupu, tunashona nguo za watoto wa skuli. Nyumba niliyoolewa ilikuwa na mashamba zamani, na wanawake wake walikuwa hawatoki kwenda kazini hata kwa utani. Mashamba yakaondoka, mume wangu akapata kazi ya ukarani bandarini, na mimi nikajifunza cherehani. Watu wakinionea huruma, masikini, mke wa watu kaingia kazini kwa dhiki. Waniache na huruma zao! Kazi ile niliipenda. Nikishakaa mbele ya cherehani yangu asubuhi, hakuna aliyeniita mke wa huyu wala mkwe wa yule. Waliniita fundi.

Mume wangu nilipomuuliza habari ya mtoto, alinijibu kama alivyonijibu kila jambo zito tangu tuoane: "Mimi sina neno. Muulize Mama." Mwanamme yule Mungu alimpa kila kitu ila neno.

Na Mama neno alikuwa nalo, alilificha tu. Alitaka abaki na mtoto yeye. Sasa nieleze nyumba yetu ilivyokuwa. Tulikaa Kiponda, orofa ya pili, na ngazi zetu zilikuwa za mawe, zimesimama wima, nyembamba, hazina mlango juu wala chini. Mama magoti yalikuwa yamemkataa. Kutoka kitini mpaka chooni alikwenda kwa kushika ukuta, na sala aliisali kwa kukaa. Siku moja niliporudi kutoka kisimani nilimkuta mwanangu yuko kwenye kidato cha tatu, ameangalia chini, anacheka. Mama yuko kitini, tasbihi mkononi, anamwita kwa sauti nyororo, "Njoo baba, njoo kwa bibi," hawezi kuinuka. Nilimnyakua mtoto, nikasema tu, "Huyu mtundu huyu," nikaenda jikoni, nikasimama naye kifuani mpaka wali ukaungua. Sikumwambia kitu. Utamwambiaje mtu mzima kama yule, aliyezaa sita na kulea kumi wengine wasiokuwa wake, kuwa mtoto mmoja amemshinda?

Basi nikawa nazunguka maneno. Nikasema kule atapewa uji mzuri. Nikasema kule atapata wenzake wa kucheza. Yeye kimya, tasbihi inazunguka.

Hata jioni ya mwisho, nshapiga pasi vinguo vyake, ndipo alipofungua kinywa.

"Siku moja," akasema. "Mpeleke siku moja nione. Akirudi vyema, mimi sitasema tena. Lakini nna sharti."

"Sharti gani, Mama?"

"Asinyonyeshwe na mtu. Ziwa lako wewe tu. Akinyonyeshwa na mwengine, mtoto atakaa hapa nami, na cherehani utaipa kwaheri."

Kwa mtu wa kwetu sharti lile halikuhitaji maelezo. Mtoto akimnyonya mwanamke, yule mwanamke ni mama yake, na watoto wake ni ndugu zake, na nikahi baina yao ni haramu mpaka siku ya kufa. Ndugu wa ziwa. Na Mama alikuwa na kisa chake cha Fumba, nilishakisikia si chini ya mara ishirini: mume na mke, wana mtoto na mwengine yuko tumboni, wanapendana, siku ya maziko ya shangazi mtu, bibi mmoja akakumbuka kuwa wote wawili aliwanyonyesha yeye mwaka wa ndui. Wakaachanishwa siku ile ile. Mama akikisimulia hufika mahali pa yule mke akibeba mkeka wake kurudi kwao, hapo hupangusa macho.

"Sawa, Mama," nikasema. "Nimekubali."

Kukubali ni rahisi.

Asubuhi yake akamshika mtoto mwenyewe. Akamfukiza udi, akamtia wanja wa nyusi, akampiga na doa moja kubwa la wanja kwenye kipaji ili jicho la husuda likipita lishike doa limwache mtoto. Akamfunga mvuje mkononi ndani ya kitambaa cheusi, na mvuje, wanaoijua harufu yake wanajua kuwa si shetani tu atakayekimbia, hata mama yake utamkimbiza. Alimsomea, akampulizia, akanipa bila ya kunitazama.

Nyumba yenyewe ya kulelea watoto ilikuwa ni nyumba kubwa ya tajiri mmoja aliyeondoka, ina uwanja katikati, na barazani kumetandikwa majamvi. Vitanda vidogo vya mbao vimepangwa ukumbini. Palinukia uji wa mchele na sabuni ya mche. Mkubwa wa walezi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, mpole, ana daftari lake. Akaniuliza jina la mtoto, akaniuliza miezi, akaniuliza kama ameshaumwa surua. Halafu akaniuliza, "Kuna jambo lolote la mtoto ambalo sisi tulijue, Bi?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu nnalijua mpaka leo.

Neno lilikuwa liko ulimini. "Asinyonyeshwe na mtu." Maneno matatu tu. Lakini nyuma yangu walikuwa wamesimama mama wawili wengine wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na watoto wao, na pale uwanjani mpishi wa uji alikuwa anakoroga sufuria lake, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'ara, kambeba mgongoni kitoto chake cha kike kwa kanga. Mimi nimesimama na buibui langu, na uso wangu unasema ukoo wangu kabla sijafungua mdomo. Nilijua neno lile likinitoka mimi litafika masikioni mwao limeshageuka. Watasema: hawa bado. Hawa wamevuliwa kila kitu lakini kiburi wamebaki nacho, maziwa yetu hayawafai. Na wangekosea vipi? Nyumba kama zetu neno hilo zilikuwa zikilisema zamani kwa maana hiyo hiyo. Nililisikia kwa masikio yangu, utotoni. Miaka ile neno dogo kama lile lilikuwa na miba, na mimi nilitaka niingie pale kama mama yeyote.

"Hana jambo," nikasema. "Anakula kila kitu."

Uongo mtupu. Alikuwa hali kitu. Alikuwa ni ziwa na kuvuruga uji.

Nilimkabidhi nikijiandaa. Nilishaambiwa na wenzangu kazini: atalia, atakushika nguo, wewe geuka nenda, usitazame nyuma. Nimejikaza moyo mwanamke mimi, nimeshaanza na kumeza mate. Mtoto akapewa kopo lenye kokoto ndani, akalitikisa, akacheka, akatambaa zake kwenye jamvi kuwafuata wenzake. Hakugeuka! Nikasimama nyuma ya mlango nikitega sikio. Hakuna kilio. Nikangoja tena. Kopo tu, kacha kacha kacha.

Nikaenda Mlandege nimevimba kwa hasira. Miezi tisa tumboni, miezi minane kifuani, ananiuza kwa kopo.

Sasa kazini kwetu palikuwa na utaratibu mzuri: mwenye kunyonyesha hupewa ruhusa saa nne, anakwenda kumnyonyesha mtoto wake na kurudi. Kutoka pale mpaka kule ni mwendo mfupi. Mimi nimehesabu kila kitu, asubuhi nimemnyonyesha, saa nne nitamnyonyesha, saa tisa nnamchukua. Sharti la Mama litakaa salama salimini.

Saa tatu na nusu msimamizi akaja, kavaa shati jipya. "Leo tuna mgeni mkubwa," akasema. "Anakuja kuangalia kazi. Asitoke mtu. Kila mmoja awe mbele ya cherehani yake."

"Mimi nnakwenda kunyonyesha saa nne," nikamwambia.

"Utakwenda akishaondoka mgeni."

"Mtoto hamjui mgeni."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akafunga mlango, akakaa juu ya kiti mbele yake, mikono magotini, kama anataga.

Saa nne ikafika, mgeni hajaja. Saa nne na nusu. Saa tano. Msimamizi anatutazama, sisi tunautazama mlango. Maziwa yana saa yake, hayangoji mgeni wala msimamizi. Nilikuwa nimetia vitambaa kifuani, vikarowa, nikajifunga kanga juu yake, nayo ikarowa. Kifua kikanisimama kama mawe. Nilishona mkono wa shati kwenye shingo, nikaufumua, nikaushona tena pale pale kwenye shingo. Jirani yangu wa cherehani akaninong'oneza, "Sema unataka kutapika." Nikasema nnataka kutapika. Msimamizi akaniletea ndoo. Lahaula!

Mgeni alikuja saa sita na nusu. Akapita baina ya mashine, akauliza vifungo vinatoka wapi, akashika ukosi mmoja, akasema "Vizuri, vizuri," akaondoka. Hata chai ungekuwa hujamaliza kuikoroga.

Nilitoka mbio. Mwanamke wa mjini hakimbii, na mimi nilikimbia, Darajani mchana kweupe, buibui linapepea nyuma, watu wananipisha wakidhani nimeletewa habari ya msiba. Nilipofika pale nyumbani kwa watoto sikusikia kilio. Nikasema alhamdulillahi, amelala.

Hakulala. Alikuwa uwanjani, kivulini, juu ya mapaja ya mpishi wa uji, anamnyonya.

Sikumbuki nilivua viatu au nilipita navyo juu ya jamvi. Nakumbuka sauti yangu tu, maana hata mimi ilinishtua. "Nani kakwambia umnyonyeshe? Nani kakupa ruhusa?"

Watoto wawili waliokuwa wamelala wakaamka wakalia. Mlezi mwenye miwani akatoka ndani na daftari lake. Mpishi hakuinuka wala hakumtoa mtoto. Akanitazama.

"Kalia tangu saa nne," akasema, taratibu. "Uji kautema. Maziwa ya kikombe kayamwaga. Kalia mpaka sauti ikamkauka, akawa analia bila ya sauti. Wewe hukuja. Ungekuwa mimi ungefanyaje, shoga?"

"Ningengoja mama yake!"

"Ungengoja?" Akaniangalia tangu buibui mpaka viatu, halafu akasema polepole zaidi, na hapo ndipo nilipojua kuwa amekasirika. "Au maziwa yangu yana nini?"

Lile nililoliogopa asubuhi, nikalikuta mchana, na nimelileta mwenyewe kwa miguu yangu. Kama ningesema neno langu mapema kwa upole wake, lingekuwa sharti la bibi mmoja mzee. Nimelisema nimechelewa, kwa kelele, limekuwa tusi.

"Hayana kitu," nikasema. Sauti imeshaniisha. "Wallahi hayana kitu. Nisamehe."

Na mtoto, je? Kusikia sauti yangu aliliacha ziwa, akageuza uso, akanitazama. Alinijua. Nikainyoosha mikono. Akanitazama vizuri, kisha akageuka, akarudi kunyonya.

Watu husema uchungu wa mwana aujua mzazi. Ule ulikuwa si uchungu wa aina hiyo. Nilimwonea wivu mwanamke aliyemnyamazisha mwanangu. Ningemkuta analia, ningekuwa na furaha kuliko kumkuta ameshiba. Nnaliandika hivyo lilivyo, sina cha kulipambia.

Nikakaa chini kwenye jamvi, nikamweleza yote: sharti la Mama, kisa cha Fumba, mgeni, ndoo. Nilipofika kwenye ndoo mdomo ukamchezacheza. Mwisho akacheka kabisa.

"Basi mkweo ameshawaoza hawa!" akasema. "Wako mwanamme, wangu mwanamke. Hata kutembea bado, yeye anazuia harusi." Akampangusa mwanangu mdomo. "Na mimi chuoni nimesoma, usidhani. Mara tano, na kila mara ashibe, ndipo anapokuwa mwanangu. Hii moja."

"Moja," nikasema.

"Lakini moja yenyewe kaikomba," akasema. Kisha akageuza kichwa nyuma. Kile kitoto chake cha kike kilikuwa kimeamka mgongoni, kinatafuna kanga, kinaanza kununa. "Huyu wangu ndo hana kitu sasa. Mpaka saa tisa labda."

Kanga yangu imerowa mpaka kiunoni. Yeye ameona, mimi nimeona, mlezi ameona akajitia kuandika katika daftari. Nikasema moyoni, sharti limeshavunjika, na nikilivunja tena nitakuwa nimelivunja kwa makusudi. Nikamtazama yule mtoto. Halafu nikamwambia mama yake, "Nipe."

"Una hakika?"

"Nipe, shoga. Nimejaa, na wako ana njaa."

Akamfungua mgongoni akanipa. Alikuwa mzito kuliko wangu, ana kijisikio kimoja kimetogwa, kina uzi mweupe. Alinishika kidole akanyonya kwa pupa, maumivu ya kifua yakaanza kunitoka, na machozi nayo yakashuka. Nilikuwa nimemchukua ili kuomba radhi, nipone na maumivu yangu. Lakini mtoto akiwa kifuani anakunyonya na macho anakukazia, huwezi kukaa naye kwa hesabu. Nilimpenda pale pale. Nikafahamu kuwa na yule mwenzangu, kwa nusu saa ile, alimpenda wangu. Tukakaa hivyo wawili kivulini, kila mmoja na mtoto wa mwenziwe, na uji ukashika chini ya sufuria.

Saa tisa, nilipotoka kazini, nikamchukua, nikarudi Kiponda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Yu wapi?"

Nikamweka mapajani mwake. Akamvua kofia, akamnusa utosini, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu kama anayenunua. Doa la wanja lilikuwa limefutika nusu. Akaniuliza jambo moja tu.

"Alilia?"

"Alilia, Mama. Saa nne."

Nikaona uso wake umekunjuka kidogo. Sikufahamu kwa nini. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi.

Ningeweza kunyamaza. Nnataka ijulikane hivyo. Mama hakuwa na njia ya kujua. Hatoki, hashuki ngazi, na Ng'ambo hakukanyaga miaka. Mara moja si undugu kwa sheria, na mimi nnaijua sheria. Ningenyamaza ningebaki na cherehani yangu. Lakini kila nikikuna nazi nikawa namwona yule mwanamke wa Fumba na mkeka wake kichwani. Moja huenda ikawa mbili, na mbili ikawa tano, na sote tukawa tumekufa, na wale watoto wakaonana kwenye harusi ya watu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilikuwa nzuri, ya dini, na mimi nilishaikubali kwa nusu yake tu.

Baada ya Magharibi, Mama hajainuka kwenye msala, nikakaa mbele yake.

"Mama, mtoto amenyonyeshwa."

Tasbihi ikasimama. "Na nani?"

"Mpishi wa uji. Nilichelewa, walitufungia kazini. Alilia sana akamhurumia. Na mimi nimemnyonyesha wake. Mtoto wa kike."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Na wake mara moja."

"Alishiba?"

"Alishiba."

"Mwanamke gani huyo?"

"Mwanamke wa Ng'ambo," nikasema. "Wazee wake wametoka Bara." Nikajiweka tayari.

"Sikukuuliza kabila lake," Mama akasema. "Nakuuliza ni mwanamke gani. Ni msafi? Ana adabu?"

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Mchana kutwa nilikuwa nikimwogopea Mama kiburi chake, na kiburi kilikuwa kimekaa ulimini mwangu.

"Ni msafi, Mama. Ana adabu kunishinda mimi."

"Si kazi ngumu hiyo." Akazungusha punje moja ya tasbihi, ikasimama tena. "Sharti langu uliwaambia?"

"Sikuwaambia. Niliona haya."

Akatikisa kichwa. Hakuniuliza haya ya nini. Aliishi mji ule ule niliokuwa nikiishi mimi.

"Basi niache cherehani?" nikamuuliza.

Na hapa niseme kweli, maana nimefika umri wa kuisema. Wiki tatu nilimpigania Mama kimya kimya kwa ajili ya kazi ile. Na jioni ile, nikimngojea ajibu, nilikuwa namwomba Mungu aseme acha. Aniambie acha, nibaki nyumbani, mwanangu asimjue mwanamke mwengine yeyote, na lawama zote zimwendee yeye, mkwe mbaya, mkwe jeuri, kanikataza. Ningemnunia miaka kumi kwa raha zangu.

Mtoto alikuwa amelala pembeni ya Mama juu ya msala, mdomo wazi.

"Mpeleke," akasema.

"Mama, si ulisema —"

"Nnajua nilosema. Leo saa nne, kama angekuwa hapa, mimi ningefanya nini? Ziwa sina. Miguu sina. Ningekaa juu ya kiti nikamsomea Ayatul Kursiy, naye analia mpaka urudi wewe." Akauvuta msala akamfunika mtoto miguu. "Yule alikuwa na cha kumpa. Kesho waambie sharti langu, waambie kwa ulimi mzuri, na salamu zangu mpe."

Nilikuwa nimeshapewa kila nilichokitaka, na furaha siioni.

"Nikwambie neno?" Mama akasema. Hakuwa akinitazama, alikuwa akimtazama mtoto. "Leo kutwa dirisha hili nimeliacha wazi. Nyumba yenyewe iko mbali, sauti haifiki, nnajua. Nimeliacha wazi hivyo hivyo. Nikawa nnaomba alie. Alie aikatae nyumba ile, umrejeshe kabla ya adhuhuri, useme, Mama ulisema kweli, hapana anayemuweza ila wewe. Ulipokuja ukaniambia kalia, nilifurahi." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Bibi gani huyo, anayemwombea mjukuu wake alie?"

Aliniuliza kweli. Alitaka jawabu, na alinitazama mimi, fundi wa nguo za skuli, kana kwamba ninalo.

"Si peke yako, Mama," nikamwambia. "Hata mimi niliomba hivyo."

Tukakaa. Hatukukumbatiana, hatukuwa watu wa hivyo. Tulikaa tu juu ya sakafu ile, kama wake wenza walioachwa siku moja, na mume wetu amelala baina yetu, ameshiba, hana habari.

Mama akaanza tasbihi yake upya, kutoka punje ya kwanza.

"Basi kesho tusiombe hivyo," akasema.